Shajara ya mradi: kugeuza njia tegemezi ziwe njia kamili kwenye R

Mradi huu una kazi moja. Ukiipa R (lugha ya programu ya kuchambua data) njia tegemezi, yaani inayohesabiwa kutoka folda uliyopo, kama `data/mvua.csv` ikurudishie njia kamili inayoanzia kwenye mzizi wa diski, alafu njia hiyo ibaki ile ile hadi mwisho wa skripti hata kama katikati kuna mtu kabadilisha folda ya kazi. Inaonekana kazi ndogo, mtu anaweza kusema si ni `normalizePath()` tu basi, lakini ukiingia ndani unakuta kuna maswali mawili tofauti yamefungwa kwenye kamba moja na mi nataka niyafungue. Naandika hapa kila hatua ili anayekuja kutumia pakeji ajue kwanini imekaa hivi ilivyokaa.

Kabla ya kuandika kodi

Nimeanza kwa kupitia vilivyopo maana hamna haja ya kubuni kitu ambacho kipo. `getwd()` inakwambia uko folda gani, `setwd()` inakuhamisha na inakurudishia kimyakimya jina la folda uliyotoka, `file.path()` inaunganisha vipande kwa sleshi, `path.expand()` inafungua tilde (alama `~` inayosimama badala ya folda ya nyumbani), `normalizePath()` inaenda mpaka kwenye diski kuuliza. Ipo pia `tools::file_path_as_absolute()`, hii inachukua njia moja tu kwa wakati na inagoma kabisa kama faili haipo. Nje ya R ya msingi kuna pakeji ya `fs` ambayo naiheshimu sana, wao wana `path_abs()`, `path_norm()` na `path_real()`, na mgawanyo huo wa majina matatu ndo ulionifanya nikae chini kufikiri vizuri, kwasababu walishaona kwamba hii sio kazi moja.

Kwahiyo kwanini niandike yangu? Sababu ni mbili. Nataka kitu kisichohitaji pakeji nyingine yoyote, faili moja ya R unayoweza kuinakili ndani ya mradi wako hata kwenye seva ambayo huruhusiwi kusakinisha pakeji, na nataka kila tabia yake iwe imeelezwa kwa Kiswahili.

Folda ya kazi ndo kiini cha shida

Njia tegemezi peke yake haina maana, inapata maana pale tu unapojua inaanzia wapi, na R inaanzia kwenye folda ya kazi. Sasa folda ya kazi inategemea nani kaiwasha R. Ukitumia Rscript kwenye teminali ni pale teminali ilipokuwa imesimama, sio pale skripti ilipo, na watu wengi sana hapa ndo wanapotea. Ukifungua mradi kwenye RStudio ni folda ya mradi. Ukiknit faili ya R Markdown, yaani ukiigeuza iwe ripoti, basi knitr inahamia kwenye folda ya hiyo faili ya `.Rmd`. Testi za testthat (pakeji ya kuandikia testi) zinaendeshwa ndani ya `tests/testthat`. App ya Shiny (pakeji ya app za wavuti) inaendeshwa ndani ya folda ya app. Yaani mstari mmoja huu huu

```r
mvua <- read.csv("data/mvua.csv")
```

unaweza kufanya kazi ukiwa unajaribu kwa mkono, ukavunjika ukiknit, ukafanya kazi tena kwenye seva, ukavunjika kwenye testi, na hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Na `source()` nayo haikusaidii. Ukisema `source("moduli/soma.R")` njia zote zilizoandikwa ndani ya `soma.R` bado zinahesabiwa kutoka ulipo wewe, sio kutoka kwenye folda ya `moduli`, labda uweke `chdir = TRUE`, hapo R inahamia huko kwa muda alafu inarudi.

Kuna wanaotatua kwa kuweka `setwd("/folda/ya/kwangu")` juu ya skripti. Siipendi hata kidogo, sio kwa ubishi, ni kwamba folda hiyo haipo kwenye kompyuta ya mwenzako, na mbaya zaidi kila anayeita skripti yako anahamishwa folda bila kujua. Ikibidi kabisa uhame ndani ya fanksheni, basi fanya hivi na R itakurudisha hata ikitokea erori:

```r
zamani <- setwd(folda)
on.exit(setwd(zamani), add = TRUE)
```

Toleo 0.1: maandishi tu, bila kugusa diski

Fanksheni ya kwanza nimeiita `njia_kamili()`. Hii haiulizi diski chochote kuhusu faili yako, inafanya kazi ya maandishi tu: kama njia sio kamili, ipachike kwenye folda ya mwanzo, alafu kunja nukta zilizomo ndani, yaani `.` (folda hii hii) na `..` (folda ya juu yake).

```r
njia_kamili <- function(x, mwanzo = getwd()) {
  stopifnot(is.character(x))
  force(mwanzo)
  guswa <- !is.na(x) & !ni_wavuti(x)
  x[guswa] <- path.expand(x[guswa])
  teg <- guswa & !ni_kamili(x)
  x[teg] <- file.path(mwanzo, x[teg])
  x[guswa] <- vapply(x[guswa], kunja, "", USE.NAMES = FALSE)
  x
}
```

Kila mstari hapo una sababu yake. `is.na` ipo kwasababu `file.path("a", NA)` inakupa `"a/NA"`, yaani R inachukua thamani isiyokuwepo inaigeuza kuwa jina la faili linaloitwa NA, na ukiwa na safu ya majina ya faili kutoka kwenye jedwali lenye mapengo utajikuta unatafuta faili ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Kwenye pakeji hii NA ikiingia inatoka NA, basi.

`ni_wavuti` ipo kwasababu `read.csv()` inakubali anwani ya `https://` moja kwa moja, sasa ukiipitisha kwenye fanksheni ya njia itapachikwa folda mbele na kuharibika. Rejeksi yake (kanuni ya kutambua maandishi) inadai angalau herufi mbili kabla ya `://`, maana kuna watu wanaandika `C://data` na hiyo ni diski sio wavuti:

```r
ni_wavuti <- function(x) grepl("^[A-Za-z][A-Za-z0-9+.-]+://", x)
```

`ni_kamili` inajibu tu kama njia tayari ni kamili au la. Na `kunja` ndo inayopita kipande kwa kipande:

```r
kunja <- function(p) {
  nje <- character()
  for (v in strsplit(p, "/", fixed = TRUE)[[1]]) {
    if (v == "" || v == ".") next
    nje <- if (v == "..") head(nje, -1) else c(nje, v)
  }
  paste0("/", paste(nje, collapse = "/"))
}
```

Hili ni toleo la Linux na Mac kwanza, Windows inakuja chini. Napenda kwamba `head(character(), -1)` haigomi, inarudisha tupu, kwahiyo `/../..` inaishia kuwa `/` na hivyo ndivyo mfumo wenyewe unavyofanya, juu ya mzizi hamna kitu kingine, ni mzizi tena. `strsplit` pia inadondosha kipande kitupu cha mwisho, `"a/b/"` inatoa vipande viwili tu, ila kile kitupu cha mwanzo kwenye `"/a/b"` inakiacha, ndo maana hiyo `v == ""` lazima iwepo.

Ule mstari wa `force(mwanzo)`

Nauandikia sehemu yake peke yake kwasababu ni jambo la R hasa, mtu akitoka lugha nyingine hawezi kulitegemea. R haihesabu hoja ya fanksheni pale unapoiita, inaihesabu pale inapotumika kwa mara ya kwanza. Kwahiyo ukiandika `mwanzo = getwd()` kama thamani ya kawaida, `getwd()` haiendeshwi mlangoni, inaendeshwa ndani huko, na kama kabla ya hapo fanksheni imeshaita `setwd()` basi unapata folda mpya wakati mtumiaji aliita akiwa folda ya zamani. Hamna erori, hamna onyo. Unapata njia kamili kabisa, iliyoandikwa vizuri, ya mahali pengine.

Tabia hiyo inajirudia sehemu nyingine. Ukitengeneza muunganisho `con <- file("data/mvua.csv")` bila kuufungua, alafu ukahama folda, alafu ukasema `open(con)`, njia inatafutwa wakati wa kufungua. Ukitengeneza fanksheni inayorudisha fanksheni nyingine yenye njia ndani yake, ni hivyo hivyo, njia itasubiri hadi siku itakapoitwa. Na ukiwasha wafanyakazi sambamba kwa pakeji ya `parallel` kwenye mashine yako, kila mmoja ni R nyingine yenye folda yake ya kazi, ukihama wewe baadae wao hawahami na wewe, na wale wa mashine ya mbali wanaowashwa kwa ssh wanaanzia kwenye folda ya nyumbani ya akaunti.

Kwahiyo msimamo wa mradi ni huu na nauandika kwa herufi za wazi: njia inageuzwa kuwa kamili mara moja, mlangoni, pale inapopokelewa kutoka kwa mtumiaji, kabla ya kitu kingine chochote. Ndani ya programu hakuna njia tegemezi inayozunguka. Ukishachelewa, ile taarifa ya mtumiaji alikuwa folda gani alipoandika neno `data` imeshapotea na hamna fanksheni duniani itakayoirudisha.

Toleo 0.2: sasa tunauliza diski

Hapa ndo `normalizePath()` inaingia. Kwenye Linux na Mac inategemea kazi ya mfumo inayoitwa `realpath`, inafuata simlinki zote (majina yanayoelekeza kwenye faili au folda nyingine), inaondoa nukta zote, inakupa jina halisi la kitu kilichopo. Nzuri sana, ila ina sharti kwamba kitu hicho kiwepo.

Na kama hakipo? Hapa ndo wengi hawasomi ukurasa wa msaada hadi mwisho. Hoja yake `mustWork` ina hali tatu: `TRUE` inagoma kwa erori, `NA` ambayo ndo ya kawaida inatoa onyo, na `FALSE` inanyamaza. Lakini kwenye `NA` na `FALSE`, matokeo yanategemea mfumo. Kwenye Linux unarudishiwa kile kile ulichoingiza:

```r
normalizePath("matokeo/jedwali.csv", mustWork = FALSE)
#> "matokeo/jedwali.csv"
```

Bado tegemezi! Kwenye Windows mstari huo huo unaweza kukupa njia kamili. Kwahiyo mtu anaandika kodi Windows, anaweka `mustWork = FALSE` ili maonyo yasimsumbue, inafanya kazi, anaipeleka kwenye seva ya Linux na pale faili ya matokeo inaandikwa pasipojulikana. Mi naona `mustWork = FALSE` haifai kabisa kutumika kama njia ya kupata njia kamili. Kwa faili unayosoma weka `TRUE`, igome mapema na iseme wazi faili gani haipo. Kwa faili unayotaka kuiandika, ambayo kwa kawaida haipo bado, kuna ujanja wa zamani unaofanya kazi vizuri: uliza diski kuhusu folda mzazi alafu pachika jina mwishoni.

```r
file.path(normalizePath(dirname(p), "/", TRUE), basename(p))
```

Ila na folda mzazi nayo huenda haipo, unataka kutengeneza `matokeo/2024/robo1/jedwali.csv` na kilichopo ni `matokeo` tu. Kwahiyo `njia_halisi()` inapanda juu hadi ikute kitu kilichopo, inauliza diski hapo, alafu inarudisha mkia:

```r
njia_halisi <- function(p) {
  p <- path.expand(p)
  mkia <- character()
  while (!file.exists(p)) {
    if (nzchar(Sys.readlink(p))) stop("simlinki imekatika: ", p)
    if (basename(p) == "..") stop("'..' juu ya folda isiyokuwepo: ", p)
    if (identical(dirname(p), p)) stop("mzizi haupo: ", p)
    mkia <- c(basename(p), mkia)
    p <- dirname(p)
  }
  p <- normalizePath(p, "/", TRUE)
  if (length(mkia)) p <- paste(c(sub("/$", "", p), mkia), collapse = "/")
  p
}
```

Vile vizuizi vitatu nimefikiria kila kimoja. Simlinki iliyokatika `file.exists()` inasema haipo, wakati jina lipo na ukiandika hapo mfumo unaenda kuandika kule simlinki inakoelekeza, kwahiyo bora tusimame. Nukta mbili juu ya folda isiyokuwepo, mfano `haipo/../x.csv`, mfumo wa Linux wenyewe unaikataa, kimaandishi unaweza kusema ni `x.csv` lakini mi sitaki fanksheni inayodai inauliza diski alafu inabahatisha. Na cha tatu ni cha Windows, ukimpa diski `Z:/` ambayo haijaunganishwa, `dirname("Z:/")` inarudi ile ile na kitanzi hakiishi milele. Hiyo `sub("/$", "", p)` nayo ni kwa ajili ya mzizi, bila yake ungepata `//x`, na sleshi mbili mwanzoni POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix) inaruhusu mfumo uzipe maana yake maalum.

Kwanini fanksheni mbili na sio moja

Nimeshaulizwa kwanini nisiunganishe. Jibu liko kwenye simlinki na nukta mbili, nitaeleza kwa mfano kamili.

Tuseme `/data/sasa` ni simlinki inayoelekea `/hifadhi/2024/juni`. Skripti inasema `/data/sasa/../ramani.csv`. Kimaandishi, `kunja` inafuta `sasa` na inakupa `/data/ramani.csv`. Ukiuliza mfumo, yeye kwanza anaingia ndani ya simlinki, anafika `juni`, alafu anapanda juu kutoka hapo, anakupa `/hifadhi/2024/ramani.csv`. Faili mbili tofauti! Na zote mbili zinaweza kuwepo, kwahiyo hutapata erori, utapata ramani ya kitu kingine.

Nani yuko sahihi? Mfumo ndo unaofungua faili kwahiyo mfumo ndo mwenye neno la mwisho. Lakini jibu la maandishi nalo lina kazi yake, kwa mfano unapotaka kumuonyesha mtumiaji jina alilolizoea yeye, au unapotengeneza njia za mashine ambayo haiko hapa ulipo. Ganda la teminali lenyewe lina tabia mbili, kwenye bash ukiingia `cd /data/sasa` alafu `cd ..` unarudi `/data`, lakini ukiwa ndani ukisema `ls ..` unaonyeshwa yaliyomo `/hifadhi/2024`. Na R iko upande wa mfumo, ukiiwasha ukiwa `/data/sasa` basi `getwd()` inajibu `/hifadhi/2024/juni` wakati teminali inasema `/data/sasa`, na `setwd("..")` inakupeleka `/hifadhi/2024`.

Hapo ndo unaona kuna maswali mawili, "jina kamili la nilichoandika ni lipi" na "kitu chenyewe kiko wapi". Ukiyapa fanksheni moja lazima moja lijibiwe vibaya. Kwenye maelezo ya pakeji nimeandika kwamba kama njia ina `..` na faili ipo, tumia `njia_halisi()`, hata ukiwa na uhakika hamna simlinki, maana aliyeweka simlinki kwenye seva huenda sio wewe.

Testi, na ile habari ya Mac

Testi za Linux zimepita zote. Kwenye Mac moja ilianguka na inafaa kuelezwa kwasababu kila anayeandika testi za njia atakutana nayo. `tempdir()` kwenye Mac inakupa kitu kinachoanza na `/var/folders/`, na `/var` kwenye Mac ni simlinki kwenda `/private/var`, kama ambavyo `/tmp` ni simlinki ya `/private/tmp`. Kwahiyo testi iliyolinganisha `tempdir()` na jibu la `njia_halisi()` ilikuta upande mmoja una `/private` mwingine hauna. Fanksheni iko sawa kabisa, swali la testi ndo lilikuwa halijakamilika. Sasa testi zote zinaanza kwa `normalizePath(tempdir(), "/")` alafu ndo zinajenga juu yake, na tumeongeza kanuni kwamba njia mbili hazilinganishwi kama stringi mpaka zote zimepita kwenye `njia_halisi()`.

Testi za simlinki zinatengenezwa kwa `file.symlink()`. Kwenye Windows akaunti ya kawaida mara nyingi haina ruhusa ya kutengeneza simlinki kwahiyo testi hizo zinarukwa pale ikishindikana. Pia kuna testi ya folda ya kazi iliyofutwa ukiwa ndani yake, `getwd()` inaweza kurudisha `NULL`, na hapo `njia_kamili()` inatakiwa igome kwa maneno yanayoeleweka badala ya kurudisha vekta tupu, imeshawekwa.

Toleo 0.3: Windows

Kazi kubwa kuliko zote. Kuanzia baksleshi zenyewe, `"C:\data"` ndani ya kodi ya R haifiki hata kwenye fanksheni, R inaikataa ikiwa bado inasoma stringi kwasababu `\d` sio alama inayoijua. Unaandika `"C:/data"` au `"C:\\data"`, au tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020 unaweza kuandika stringi ghafi `r"(C:\data)"` na ukabandika njia kama ulivyoinakili. Ndani ya pakeji tunageuza baksleshi zote ziwe sleshi mlangoni, lakini kwa Windows tu, maana kwenye Linux baksleshi ni herufi halali kabisa ndani ya jina la faili na ukiigeuza unatafuta faili nyingine.

Alafu swali la nini ni njia kamili. `C:/data` ni kamili. `//seva/folda` ni ya mtandao, nayo ni kamili, na `kunja` ya Windows inalinda hizo sleshi mbili za mwanzo pamoja na jina la seva na la folda iliyoshirikishwa, nukta mbili haziruhusiwi kula hapo. Lakini `/data` kwenye Windows sio kamili, maana yake ni mzizi wa diski uliyopo sasa hivi, ukiwa D ni `D:/data`. Na ipo `C:data` bila sleshi, ambayo maana yake ni `data` ndani ya folda ya kazi ya diski C, kila diski ina folda yake ya kazi. Kwa hii ya mwisho nimeamua tunagoma. Mtu akiandika `C:data` mara nyingi kasahau sleshi, na kumhesabia kimyakimya kutoka folda ambayo haioni ni kumwonea.

Tilde nayo. Kwa R kwenye Windows, `~` kwa kawaida ni folda ya Documents, sio folda kuu ya mtumiaji, wakati `fs::path_home()` inakupa folda kuu ya mtumiaji. Zote mbili ni maamuzi ya makusudi ya wenyewe. Sisi tunafuata R ya msingi kwasababu njia zinazotoka kwetu zinaenda kwa `read.csv()` na `saveRDS()`, na hizo zinaifungua tilde kwa namna ya R.

Skripti iko wapi?

Ombi linalokuja sana: njia ihesabiwe kutoka kwenye folda ya skripti yenyewe. Nimeliangalia kwa makini na nimeamua haliingii. Kwa Rscript unaweza kulipata ndani ya `commandArgs()`, kuna kipande kinaanza na `--file=`, ila kwenye Linux na Mac nafasi ndani ya jina zinaonekana kama `~+~` kwahiyo lazima uzirudishe. Kwa `source()` kuna watu wanachungulia `sys.frame(1)$ofile`, na ukiendesha mstari mmoja mmoja kwa mkono hamna skripti kabisa, hamna jibu la kutoa. Fanksheni ambayo jibu lake linategemea umebonyeza kitufe gani ni shida ile ile tuliyoanza nayo imevaa nguo nyingine.

Kinachofaa ni mzizi wa mradi. Pakeji ya `here` inafanya hivyo vizuri, inapanda juu ikitafuta alama kama faili ya `.Rproj`, `.here` au folda ya `.git`, na `here::i_am("uchambuzi/ripoti.Rmd")` inakufanya utangaze wazi faili hii iko wapi ndani ya mradi, ikikuta sivyo inagoma. Kwetu sisi unapitisha tu mzizi kama mwanzo: `njia_kamili("data/mvua.csv", mwanzo = here::here())`, na inatosha.

Jambo moja linaloendana na hilo, nimeliongeza kwenye maelezo baada ya kuona faili za mipangilio zimejaa njia za kompyuta ya mtu mmoja: njia kamili ni za kumbukumbu ya programu inapoendesha, haziandikwi kwenye faili inayosafiri. Ukihifadhi kwenye CSV au YAML andika njia kutoka mzizi wa mradi, `fs::path_rel()` inakusaidia, alafu ikisomwa igeuzwe tena mlangoni kwenye mashine iliyopo.

Hali ilivyo sasa

0.3 inafanya kazi Linux, Mac na Windows. `njia_kamili()` inapokea vekta, `njia_halisi()` bado inachukua moja moja kwasababu ya kile kitanzi, ila ukiizungushia `vapply` inatosha kwa sasa. Kilichobaki wazi ni njia ndefu za Windows zinazoanza na `\\?\`, hizo hazitakiwi kukunjwa kabisa kwasababu Windows inazichukua kama zilivyo bila kutafsiri nukta, kwahiyo `ni_kamili()` itazitambua na kuzipitisha bila kuzigusa, testi zake zimeshaandikwa zinasubiri kodi. Ikishaingia hiyo naweka alama ya 0.4.